Inavuta Kushoto

Mtaani walimwita Kwanini, na jina lilikuwa limemganda kama oili kwenye kucha. Fundi mzee aliyemfundisha kazi ndiye aliyelianzisha, akilalamika kwamba kijana huyu ukimwambia akaze nati, anakuuliza kwanza nati imefanya nini hata ikalegea. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, masharubu yameanza kuingiwa na mvi, na bado kulikuwa na siku alizoacha chai ipoe mkononi akiwaza ni kwa nini boliti fulani hukatika kwenye pikipiki zinazobeba maziwa, na kwenye zinazobeba mikate haikatiki.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Sakafu ya saruji ilikuwa imekunywa oili miaka na miaka mpaka ikawa nyeusi na laini kama ngozi. Nusu ya mbele ilikuwa yake. Nusu ya nyuma, ng'ambo ya ukuta wa mbao nyembamba usiofika darini, ilikuwa ya mkewe, ambaye wateja walimwita Mama Viti kwa kuwa alishona viti vya pikipiki. Walikutana kwa ajili ya kiti. Kwanini, kijana wakati huo, alirudisha kiti kilekile mara tatu kuuliza kwa nini mshono wake unapita chini na wa wenzake unapita juu. Mara ya tatu binti alimwambia kwamba mwanamume anayerudisha kiti mara tatu ama ni mwizi ama ana jambo. Akasema ana jambo. Tangu hapo mume alishughulika na chuma, mke na kile watu wanachokalia juu ya chuma, na ukuta wa mbao haukuwahi kuzuia neno. Mteja akija na uongo upande wa mbele, upande wa nyuma cherehani ilinyamaza, na fundi akajua kwamba wanasikiliza wawili.

Jumatatu moja asubuhi aliingia Dada wa Mita. Alikuwa msomaji wa mita za maji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ulimi mwepesi, buti zenye matope, aliyepita kwenye mageti mia moja kwa wiki na kutoka na habari za nyumba mia moja. Aliizima pikipiki lakini hakushuka. Alibaki ameshika usukani kama mtu aliyemkamata kibaka na anasubiri mashahidi.

“Inavuta kushoto,” alisema. “Na wewe ni fundi wa nne. Watatu wameniambia haina kitu.”

“Walikuambia kwa maneno gani?”

“Wa kwanza alisema ni barabara. Wa pili, upepo. Wa tatu alisema, dada, hivi vyombo ni vya wanaume.”

Cherehani ilinyamaza. “Huyo wa tatu,” sauti ya Mama Viti ilivuka ukuta, “karakana yake iko wapi?”

Dada wa Mita alicheka, lakini kicheko hakikukaa. Alishuka, akaketi kwenye benchi, akaeleza. Wiki mbili zilizopita alikuwa amempakia baba yake. Kwenye kona moja pikipiki ilivuta kwa nguvu kuliko siku zote, wakaishia mtaroni. Mzee alichubuka kiwiko tu. Ila habari ilimfikia kaka mkubwa, anayeishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na kaka akatoa neno lake: mwisho wa mwezi pikipiki isipokuwa imepona, atakuja kumchukua mzee akaishi kwake.

“Na mwisho wa mwezi ni Jumapili hii,” alisema.

“Mzee mwenyewe anasemaje?”

“Anasema kule atatundikwa sebuleni kama kalenda, watu wamtazame mara moja kwa mwezi.” Alikuna tope kwenye buti kwa ncha ya ufunguo. “Miaka thelathini alikaa kwenye mitambo ya simu, fundi. Enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mbali, yeye ndiye anayekuunganisha. Alipostaafu akaingia kwenye miche. Asubuhi tatu kwa wiki nampeleka kitaluni, saa sita namrudisha. Ni mbali, na njia nzima tunapiga soga. Akienda kwa kaka, miche ndiyo kwaheri. Na mimi nyumba itakuwa na mita tu.”

Kwanini aliuliza kama inavuta hata akiwa peke yake. Alijibiwa kwamba akiwa peke yake haisikiki sana, lakini akimpakia mzee, mkono wake wa kulia unachoka kwa kuizuia.

Sasa, karakana ile ilikuwa na sheria moja, ambayo Kwanini aliirithi kwa fundi mzee na hakuwahi kuihoji, yeye aliyehoji kila kitu. Sheria yenyewe ni kwamba mteja hukaa benchi. Mteja akieleza ugonjwa wake, kazi yake imekwisha, kwa kuwa mteja huja na woga wake na hasira zake, na vitu hivyo humchanganya fundi. Chombo hupimwa na fundi, peke yake.

Basi Dada wa Mita akakaa benchi. Kwanini alipima upepo wa matairi, akainua gurudumu la mbele na kuugeuza usukani taratibu, macho amefumba, akitafuta kama kuna beringi inayokwama. Alikandamiza shokapu za mbele zote mbili, zikashuka na kupanda pamoja kama watoto pacha. Alizungusha magurudumu kuona kama breki inagusa. Mwisho alitoa uzi wake mweupe. Aliufunga kwenye gurudumu la nyuma, akauvuta pande zote mbili mpaka mbele, akalala chini kifudifudi, shavu kwenye oili, akitazama kama uzi unagusa tairi mahali panapostahili.

Haukugusa. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekaa upande, kwa kiasi cha punje ya mchele. Mtu aliyekaza mnyororo alikaza upande mmoja kuliko wa pili. Kwanini aliinuka akitabasamu, akalegeza, akapanga, akakaza, akaenda nayo hadi mwisho wa barabara na kurudi ameachia mikono yote miwili hewani. Pikipiki ilinyooka kama rula.

“Imepona,” alisema, na alisema kwa sauti ya mtu anayetaka mafundi watatu wasikie.

Jumatano Dada wa Mita alirudi. Hakuzima injini.

“Inavuta.”

“Kama mwanzo?”

“Kama mwanzo. Leo asubuhi nilimshusha baba kabla ya ile kona, akatembea. Mtu wa miaka sabini na mbili anapita kona kwa miguu kwa sababu ya fundi wangu.”

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Kwanini alihisi masikio yakipata moto. Alikuwa na njia mbili, na mafundi wenzake watatu walikuwa wameshamwonyesha iliyo nyepesi. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinachomtekenya, kitu alichokijua tangu utotoni, mfano wa mbwa anayesikia harufu mlangoni. Uzi ulikuwa umenyooka, gurudumu limekaa, na mwanamke huyu hakuwa mwongo. Vyote vitatu vilikuwa kweli kwa pamoja. Kwa nini?

“Niachie mpaka kesho,” alisema.

Alivua gurudumu la nyuma, akalilaza mapajani kama mtu anayekagua mtoto, akapitisha kidole gumba kwenye kashata, yale meno ya tairi. Akarudia. Upande wa kulia wa tairi ulikuwa umelika kuliko wa kushoto, si sana, unene wa kucha. Pikipiki inayovuta kushoto, tairi limelika kulia.

Alitoka nje ya karakana bila kusema. Ng'ambo ya barabara msichana alikuwa akitoka bombani na ndoo moja ya maji mkono wa kushoto. Kwanini alimtazama mpaka msichana akaanza kumshuku. Ndoo ilikuwa kushoto, na mwili wote umeinama kulia, mkono wa kulia umenyooshwa hewani kuomba msaada. Hatua zake zilikanyaga kwa ukingo wa nje wa ndara ya kulia.

Akarudi ndani karibu anakimbia. “Kuna mzigo,” alimwambia mkewe juu ya ukuta. “Hii pikipiki inabeba kitu upande wa kushoto. Inainama kulia ili isianguke. Tairi limeandika lenyewe.”

“Mzigo gani?”

“Ndilo ninalotaka kujua.”

Hapakuwa na mzigo. Hapakuwa na begi la pembeni wala chuma kilichoongezwa. Alikagua shokapu za nyuma, labda ya kushoto imechoka na ikipata mtu wa pili inazama. Alijaza mchanga kwenye gunia, akampigia simu Dada wa Mita kumuuliza uzito wa mzee, akajibiwa kilo hamsini na nane, akivaa koti sitini. Alipima sitini kwenye mizani ya jirani muuza vyuma chakavu, akalifunga gunia nyuma kwa mipira, akapita nalo barabarani mara nne, watu wakicheka. Mmoja alimuuliza kama abiria ameshalipa. Pikipiki ilikwenda imenyooka.

Alhamisi ilimkuta ameketi sakafuni, vipande vya pikipiki vimemzunguka. Mama Viti alikuja na vikombe viwili vya chai, akampa kimoja, akainama kuokota kiti kilichovuliwa na kuegemezwa ukutani. Hakukitafuta. Mikono yake ilizoea kuokota viti. Alikibonyeza nyuma, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Akakiweka mezani kwake na kubonyeza tena, mikono yote miwili, kama anayekanda unga.

“Mume wangu. Njoo ubonyeze.”

Alibonyeza. Mahali pa abiria, upande wa kulia, sponji ilimsukuma mkono juu. Upande wa kushoto ilikuwa imekufa, imelala bapa kama mkate uliokaliwa.

“Mtu anayekaa hapa,” alisema Mama Viti, “anakalia tako moja.”

Kwanini alilitazama gunia lake la mchanga pale mlangoni, limekaa wima, halina habari na mtu.

“Mlete mzee,” alisema kwenye simu. “Ndiyo, yeye mwenyewe. Jumamosi asubuhi. Pikipiki utaichukua jioni hii, na mje nayo kama mnavyokwenda siku zote, msibadili kitu.”

Mkewe alimtazama kwa jicho la pembeni. “Na sheria ya benchi?”

“Benchi nimekalia mimi miaka yote hii,” alisema Kwanini.

Jumamosi walikuja. Mzee wa Simu alikuwa mwembamba, koti limepigwa pasi, kofia ngumu ya mtindo wa zamani inayofunika utosi tu na kuacha masikio nje. Kwanini alimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa sauti safi, iliyopangwa, ya mtu aliyelipwa maisha yake yote ili aeleweke. Fundi aliwaambia waende hadi mzunguko wa barabara na kurudi. Yeye aliazima pikipiki ya mteja mwingine, akawafuata kwa nyuma, mita ishirini.

Mwanzoni hakuona kitu. Mzee alikaa wima. Kisha Dada wa Mita akaanza kusimulia. Kwanini hakusikia maneno, ila aliona kofia yake ikitikisika na mkono wa kushoto ukiachia usukani mara moja kuchora kitu hewani, geti labda, au mbwa. Na mzee aliinama. Taratibu, bila haraka, kama mche unaofuata dirisha, mwili wake ulitoka kushoto, uso akaugeuza kulia, na sikio lake la kushoto likapita mbele mpaka likawa karibu na bega la binti yake. Pikipiki ilianza kutambaa kushoto. Mkono wa kulia wa binti ulikaza. Hadithi ilipofika mahali patamu mzee alizidi kuinama, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na pikipiki ikakaribia ukingo wa lami hata Kwanini akashika breki yake mwenyewe.

Waliporudi alimwomba Dada wa Mita aende nyuma kwa Mama Viti achague rangi ya ngozi ya kiti. Akabaki na mzee. Alisimama upande wake wa kulia, akajifuta mikono kwa tambara, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mzee, una jani la mche begani.”

Mzee wa Simu aliendelea kutazama barabara.

Kwanini alizunguka akasimama kushoto. “Sikio la kulia limeacha kusikia lini?”

Cherehani ilikuwa imenyamaza, lakini huko nyuma Mama Viti alikuwa akieleza kwa kirefu tofauti ya ngozi nyeusi na nyeusi iliyokolea.

“Mwaka jana,” alisema mzee hatimaye. “Lilianza kwa mlio, kama laini iliyokatika. Nikasema litarudi. Laini hurudi.” Alivua kofia, akaipangusa. “Huyu binti hajui. Kaka yake akijua, kesho nimo ndani ya basi. Mzee asiyesikia honi anafanya nini barabarani? Ndivyo atakavyosema, na hatakuwa amekosea sana. Fundi, mwambie ni tairi.”

“Tairi limelika kweli.”

“Basi si uongo.”

Kwanini alijikuta anautaka uongo ule. Ulikuwa mdogo, ungetosha mfukoni. Angefunga tairi jipya, angesema imepona, na mzee angerudi kwenye miche yake. Lakini aliifuata pikipiki hiyo kichwani, Jumatatu asubuhi, binti ameamini, mkono wake wa kulia umelegea kwa kuamini, hadithi imefika patamu, kona ile inakuja.

“Nikimwambia ni tairi ataacha kuishikilia,” alisema. “Siku hiyo hamtaishia na kiwiko.”

Mzee aliigeuza kofia mikononi.

“Mimi nakwenda kunawa mikono, mzee. Oili hii inachukua muda. Nikimaliza, mmoja wetu atamwambia, na ningependa usiwe mimi.”

“Subiri.” Mzee alivaa kofia tena. “Nipe mara moja. Nikae wima kama lile gunia ulilopimia uzito wangu. Tuone kwanza kama ni mimi kweli ninayeivuta.”

Ilikuwa haki yake. Hata Kwanini angedai hivyo. Walipanda tena, wakaenda hadi mzunguko na kurudi, na fundi aliyesimama mlangoni aliona kwa macho yake pikipiki ikija katikati ya njia yake bila kuyumba. Dada wa Mita aliruka chini, macho yanameremeta.

“Umefanya nini? Umegusa nini? Baba, si nimekuambia njiani? Si umeona?”

Mzee alishuka polepole. Alimtazama binti yake kwa muda, halafu akamtazama fundi, na kwenye uso ule mkavu Kwanini aliona kitu ambacho hakukitegemea. Hakikuwa woga. Kilikuwa uchovu wa mtu aliyesafiri mbali bila mwenzake.

“Umeniambia nini njiani, mama?”

“Ile ya yule bibi wa geti la bluu, aliyeficha mita ndani ya kabati. Nimekusimulia yote. Hukucheka, nikajua unaogopa kona.”

“Sikusikia,” alisema mzee. “Sikusikia hata neno. Nimebebwa kwenda na kurudi kama mfuko wa saruji.” Aligusa sikio lake la kulia kwa kidole kimoja, kama anayeonyesha swichi iliyoungua. “Hili limekufa. Mwaka sasa. Nilikuwa nakuinamia ili nikusikie, na kumbe nakuangusha.”

Dada wa Mita, aliyekuwa na neno kwa kila geti, alitumia mikono. Alimshika baba yake kiwiko, kile kilichochubuka, akakiachia, akakishika tena mahali pengine.

“Mwaka mzima,” alisema mwishowe. “Kwa hiyo nikikaa kulia kwako mezani…”

“Nakula tu.”

Alicheka na kulia vyote kwa pamoja, akamwita baba yake mwongo mkubwa, akaomba radhi kwa neno hilo, akalirudia. Kisha, kabla ujasiri haujapoa, akampigia kaka yake pale pale, simu imewekwa kwenye sauti ya wote, na akamweleza bila kupunguza: tairi, kiti, sikio. Kaka alikuwa mtu wa maneno machache na pumzi nzito.

“Kwa hiyo pikipiki haikuwa na kosa.”

“Haikuwa nalo.”

“Na mzee hasikii.”

“Anasikia kushoto,” alisema mzee, akiinama kwenye simu. “Kwa hiyo ongea kushoto.”

Kwa mbali kikasikika kitu kama kicheko kilichojizuia. Kaka alisema Jumapili hatakuja na basi la kumchukua mtu. Lakini mzee aende akapimwe sikio, na karatasi ya daktari aione yeye mwenyewe. Na huko njiani watu wakae wima. Akikisikia kisa cha mtaro tena, hata mmoja, hakutakuwa na mjadala. Mzee alikubali kila sharti kwa sauti yake ya kazini, moja baada ya jingine, kama anayepokea namba.

Mama Viti alijaza sponji mpya upande wa kushoto, na Kwanini akafunga tairi jipya. Waliondoka jua likiwa limeanza kuchoma, binti mbele, baba nyuma, wamenyooka wote wawili, kimya kama wageni. Kwanini alitoka hadi ukingo wa barabara kuwatazama. Hawakufika mbali. Karibu na nguzo ya tatu pikipiki iliwasha taa ya kushoto, ikatoka barabarani kwa adabu, injini ikazimwa. Dada wa Mita aligeuka nyuma kwenye kiti, akasema kitu kirefu, mikono yote miwili hewani. Mzee aliinama, sikio mbele, salama, miguu yote chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha akajiweka sawa, pikipiki ikawashwa, wakaendelea, na mbele kidogo taa ya kushoto ikawaka tena.

“Sijui kimemchekesha nini,” alisema Kwanini.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, uzi mdomoni. “Usiende kuuliza,” alisema.

Lakini tayari alikuwa amepiga hatua mbili.